Sista Gonzaga na Fomu Iliyokomea Magotini

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 katika Ghuba ya Tobin, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, akabatizwa Monica, mtoto wa saba wa Leo Careen, mvuvi wa chewa, na mkewe Bride. Mama huyo alikuwa na soriasisi, ule ugonjwa wa magamba ya ngozi ambao kwa wengine huingia mpaka kwenye viungo, ukavivimbisha na kuvikakamaza. Kwetu unarithiwa kama majina ya mababu. Lakini Bride hakulalamika hata siku moja, maana sisi watu wa ghuba tuna kasoro, nami naisema bila haya: hata ukitukuta tumebeba mguu wetu mkononi, ukiuliza hali tutakujibu, "Safi kabisa!" Daktari alipita na meli, akauliza, akajibiwa hivyo, akaandika hivyo, akaenda zake. Alipofika miaka hamsini, Bride hakuweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Monica ndiye aliyemfungia kila asubuhi, na hapo, kama alivyosimulia baadaye, ndipo alipousikia wito.

Mwaka 1957 aliingia utawa wa masista wauguzi mjini St. John's, akapewa jina la Gonzaga. Huko alijifunza kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa uchoshi wake: kuhesabu viungo. Alibonyeza kiungo kimoja kimoja kwa kidole gumba mpaka ukucha wake ugeuke mweupe, si zaidi wala si pungufu, na wakati huo alitazama uso wa mgonjwa, hakumsikiliza. "Mdomo umezaliwa Newfoundland," alizoea kusema, "lakini nyusi hazijui kudanganya." Mwaka 1993 alirudishwa ghubani kusimamia zahanati. Msidhani alikuwa malaika. Aliimba vibaya mno, tena kwa sauti kubwa, na akishindwa karata alinuna mpaka kesho yake.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2004. Loretta Nash, mama wa watoto watatu aliyefanya kazi ya kumenya kaa kiwandani, alianza kushindwa kusimama kwa ugonjwa uleule wa Bride. Ilikuwapo dawa mpya ya sindano, lakini bodi ya dawa haikuitoa mpaka muuguzi athibitishe kwamba viungo visivyopungua vitano vimevimba. Fomu ilitaja viungo ishirini na vinane: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono, magoti. Gonzaga alibonyeza vyote mara mbili, akapata viwili tu vilivyovimba. Na pale mgonjwa alipotakiwa kuweka alama ya maumivu yake, kutoka sifuri hadi kumi, Loretta aliweka sifuri!

"Andika tano, Sista," alisihi mumewe, Ambrose. "Nani atakuja kukagua huku kwenye ukungu?"

"Siandiki nisichokishika, Ambrose."

"Basi mke wangu atakuwa kilema kwa ajili ya utakatifu wako!"

Maneno hayo yalimchoma. Kwa siku tatu hakugusa chakula, na punje za rozari yake zililowa machozi.

Ikafika Alhamisi Kuu. Padre alihitaji watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu, akawa amepata kumi na mmoja, nao walishaambiana nani atakohoa kuficha kicheko padre akimtekenya. Gonzaga alimfuata Loretta sakristiani, kumwomba awe wa kumi na mbili.

"Thubutu!" alisema Loretta. "Miguu yangu hata Ambrose hajawahi kuiona."

Sista, beseni mkononi, alizitazama soksi za Loretta. Kwetu buti huvuliwa mlangoni, lakini soksi za sufu hubaki mpaka kitandani, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapima watu wa ghuba bila kuwavua soksi. "Ee Mungu wangu, nisamehe!" alisema. "Fomu inakomea magotini, na Bwana alianzia miguuni!"

Kisha akaketi, akavua soksi zake mwenyewe. Magamba yalikuwa yametapakaa nyayoni, na vidole viwili vimevimba kama soseji. Hakuna aliyekuwa akijua.

"Sista! Tangu lini?"

"Miaka thelathini, mwanangu. Nami kila siku nawajibu 'safi kabisa,' mwongo mkubwa mimi. Haya, bonyeza. Halafu zamu yako."

Walibonyezana huku wakilia na kucheka, ibada ikachelewa nusu saa, na padre akachungulia akafunga mlango polepole. Kwenye miguu ya Loretta, Gonzaga alihesabu viungo tisa vilivyovimba, na visigino vyote viwili havikugusika. Aliongeza karatasi ya pili kwenye fomu, akamfanya Loretta aweke alama upya. Safari hii aliandika nane. Mwezi Juni dawa ilikuja, na Krismasi hiyo Loretta alicheza ngoma jikoni kwake mpaka sahani zikaanguka. Gonzaga naye alikubali kutibiwa. Tangu siku ile alihesabu viungo sitini na vinane kwa kila mtu, kila baada ya miezi mitatu.

Alilala mauti palepale zahanatini tarehe 9 Novemba 2016. Jana yake Loretta alimuuliza hali, naye akajibu, "Safi kabisa."

"Usinianze, Sista!" Loretta alifunua blanketi, akabonyeza kiungo baada ya kiungo, taya mpaka vidole vya miguu, macho yakiwa kwenye nyusi zile. Hazikutikisika hata mara moja. Akaandika kwenye kalenda ya ukutani: sifuri. Padre anasema ni muujiza, daktari anasema ni dawa ya maumivu, nami sigombani na yeyote kati yao. Kalenda ile bado inaning'inia zahanatini.

Ndugu wapendwa, tumwige. Na ukiulizwa hali, vua soksi kwanza, ndipo ujibu.