Michembe Juu ya Jina la Masele

"Mayu Salvina, kwani kwenu hakuna jabali la kuanikia?"

Nilimuuliza hivyo mwaka 1980, nikiwa darasa la tatu, nimejitwika ndoo natoka kisimani. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alikuwa amechuchumaa mbele ya ofisi ya chama, katikati kabisa ya mji wetu wa Mwalugoye, anapanga michembe juu ya kibao cha saruji. Vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, bado vina maji, alivilaza kimoja kimoja kama mtu anayegawa karata. Alinitazama tangu miguuni mpaka kwenye ndoo.

"Kamuulize mama yako," akasema, akaendelea kupanga.

Nilishangaa, maana sikuona ubaya wa swali langu. Huku kwetu kila mtu anajua michembe inaanikwa juu ya majabali. Na jabali la Mayu Salvina, nyuma ya nyumba yake, lilikuwa pana hata sisi watoto tulikwenda kuteleza pale. Sasa mtu mwenye jabali kama lile anabeba kikapu kichwani mpaka mjini, anapita mbele ya maduka na watu wanacheka, kuja kuanika kwenye kibao kinachomtosha mbuzi kulala?

Tena kibao chenyewe hakikuwa cha hivi hivi. Mwaka ule wakubwa wa mji walikuwa wameunda kamati. Walisema kila mji wa maana una kitu cha kuwaonyesha wageni, na sisi tuna nini zaidi ya vumbi? Wakaamua kutengeneza Njia ya Mashuhuri, kutoka ofisi ya chama hadi zahanati. Saruji wakati ule ilikuwa ya kibali, watu walikuwa wanazika wazee wao bila hata kusakafia kaburi, lakini ya Njia ya Mashuhuri ikapatikana. Vibao vikamwagwa, kila kimoja na jina la mtu aliyeutoa mji kimasomaso: mwalimu wa kwanza, katekista wa kwanza, kijana aliyewahi kuchezea timu ya mkoa, mzee aliyekuwa na ng'ombe wasiohesabika. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Kibao cha mbele kabisa, kikubwa kuliko vyote, kiliandikwa: MASELE JILALA, ALIYETULETEA MAJI. Masele ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati yenyewe.

Na hicho ndicho Mayu Salvina alichokichagua. Vingine hakuvigusa.

Nilimuuliza mama siku hiyo hiyo. Mama akaniambia baba yako ni karani wa ofisi ile, kula ugali wako. Nikala. Lakini mimi swali likiniingia halitoki. Nikamfuata nalo mpaka shambani tukichuma pamba, nikauliza tena, na tena, mpaka akaweka kikapu chini.

"Ule mwaka sabini na nne ulikuwa mdogo," akasema. "Ukame ulituchoma. Wanaume walihama na ng'ombe kufuata majani, wengine wakakimbilia Geita kwenye dhahabu. Tukabaki sisi na watoto na madumu matupu."

Mayu Salvina alikuwa amekaa Geita na mume wake miaka ya nyuma, mpaka mume alipofariki. Aliwaona wachimbaji wakichimba yale mashimo yao wanayoyaita maduara. Akawakusanya wanawake, akawaambia: wale wanafuata dhahabu, sisi tutafuata maji, udongo ni ule ule. Wakaanza kuchimba. Walipofika chini wakakuta mchanga, ukuta ukawa unamomonyoka. Salvina akasema basi, hakuna mtu kushuka tena mpaka tupate magogo ya kuegemeza.

"Masele wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Akatuahidi magogo. Na kweli yalikuja, tuliyaona kwenye lori kwa macho yetu. Kesho yake asubuhi tukayakuta uwanjani yamejengewa jukwaa la Sabasaba. Wageni watakaa wapi, akatuambia. Sherehe ikiisha mtayachukua."

"Mkangoja?"

"Salvina alisema tungoje. Apolonia akakataa."

Apolonia binti Mabula alikuwa jirani yao, ana watoto watatu wadogo. Alisema: watoto wangu hawanywi hotuba. Akajifunga khanga, akashuka. Ukuta ukamfunika.

Mama akawa anachambua pamba iliyokwisha kuwa safi.

"Tulipomtoa, miguu yake ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa pale pale." Halafu akasema, taratibu, "Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba."

Sikuuliza tena siku hiyo. Magogo yalikuja baada ya mazishi. Wazee wakafanya matambiko yao kukisafisha kisima, wanawake wakamalizia, na Masele akakata utepe. Hotuba yake haikumtaja Apolonia. Sasa akawa amejiandika kwenye saruji.

Basi Mayu Salvina akawa anaanika kila siku ya jua. Wa kwanza kutumwa kumwondoa alikuwa mgambo mmoja, kijana, ana fagio.

"Mayu, nimeambiwa nifagie."

"Fagia, baba. Ila ni chakula hicho. Mwaka wa njaa mama yako alikulisha nini?"

Mgambo akakuna kichwa. "Michembe."

"Basi fagia vizuri, usimwage."

Kijana akaegemeza fagio ukutani, akachukua vipande viwili vilivyokauka, akaondoka anatafuna. Watu waliokuwa kwenye baraza la duka walicheka mpaka mwenye duka akawafukuza.

Masele akaja mwenyewe, amevaa kaunda suti. Nilikuwepo, nimetumwa chumvi, nikajifanya nahesabu chenji.

"Salvina, unanidhalilisha mbele ya watu."

"Mimi? Nimekufunika usiungue na jua."

"Mwezi ujao mgeni anatoka mkoani kuja kufungua njia hii. Sikiliza, sisi si watu wabaya. Tutakuwekea na wewe kibao. SALVINA, MAMA WA KISIMA. Saruji imebaki, fundi yupo."

Mayu Salvina aliacha kupanga. Nakumbuka nilifurahi. Nilidhani ndiyo mwisho wake, ameshinda.

"Weka cha Apolonia," akasema.

"Yule..." Masele akatazama huku na huku. "Kisima cha watu hakiandikwi maiti. Wageni watakataa hata kunywa maji."

"Wenyeji wanayanywa mwaka wa sita, na wanajua."

"Nimekupa heshima unaikataa?"

"Heshima yangu ninayo, nilikuja nayo hapa. Yake ndiyo mmeikalia."

"Basi hakuna kibao."

"Basi jua lipo."

Wiki iliyofuata waliacha utani. Walikuja mgambo wengine, siyo yule wa fagio, wakazoa michembe yote kwenye gunia, wakaimwaga njiani malori yakapita juu yake. Ile haikuwa michezo. Mjane wa kwetu akikosa michembe Julai, Januari atakula nini? Walimwambia akirudi tena, siku ya mgeni ataipitisha mahabusu.

Alirudi. Alikuwa na kikapu kimoja kilichobaki shambani, viazi vidogo vidogo vya mwisho. Alipanga vile vile, taratibu, hakuharakisha.

Siku ya mgeni, mama aliamka akaenda kwenye jabali letu, akakusanya michembe yetu yote kwenye ungo mkubwa. Baba alikuwa mlangoni anapiga viatu rangi.

"Unapeleka wapi?"

"Mjini, kuanika."

"Mama Ansgar, unajua mimi nafanya kazi wapi."

"Najua. Na wewe unajua mimi nilishika nini."

Baba akarudia viatu vyake. Hakumzuia. Nilimfuata mama nyuma, naona aibu na kiburi kwa pamoja, sijui kipi kilizidi. Tulipofika, mama alipiga goti kidogo, akasema, "Mwangaluka, mayu," akachuchumaa kwenye kibao kile kile upande wa pili. Wakawa wawili. Baadaye akaja mwingine, mama mmoja niliyemjua kanisani, naye ana ungo. Halafu wengine wakaja, wale waliochimba, wengine wamezeeka, mmoja anaongozwa na mjukuu. Kibao cha Masele kikajaa, wakahamia kwa mwalimu, wakahamia kwa katekista, mpaka kwenye ngazi za zahanati. Mgambo walisimama tu. Mmoja wao mama yake alikuwa pale.

Mgeni aliposhuka kwenye Landrova hakuona jina hata moja. Aliona viazi. Masele alianza kueleza habari ya mavuno mazuri, lakini mgeni alikuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa ameshakaribishwa glasi ya maji, akaishika mkononi, akainama.

"Mama, habari za kazi. Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa Apolonia binti Mabula," akasema Mayu Salvina.

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Alifia kwenye hayo maji uliyoshika."

Mgeni aliyatazama yale maji. Sisi watoto tulikuwa tumebana pumzi, tunangoja aone kinyaa ayamwage. Hakuyamwaga. Aliyanywa yote, polepole, akamrudishia Masele glasi. Kisha akaomba apelekwe kisimani badala ya kwenye jukwaa.

Ningependa kusema kibao cha Apolonia kiliwekwa. Hakikuwekwa. Mgeni alirudi mkoani, kamati ikasema saruji imeisha, na kabla ya mvua baba alihamishiwa Isaka kwenye maghala ya pamba, huko stesheni. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Baba alimnunia mama safari nzima juu ya lori, naye mama akatazama mbele tu, ungo wake ameukumbatia.

Likizo hii, nikiwa kidato cha tatu, nimerudi Mwalugoye peke yangu. Masele alishahama. Nikamuuliza mtoto mmoja mwenye ndoo anakwenda wapi, akasema, "Kwa Apolonia." Nikamuuliza Apolonia ni nani. Akanisimulia yote, magogo, jukwaa, miguu iliyolowa, kama anayesimulia jambo la jana, na akanisahihisha pale nilipomkatiza. Jina la Masele hakulijua.

Nikaenda mbele ya ofisi ya chama. Mayu Salvina alikuwepo, mgongo umepinda, mikono ile ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kikapu nimshikie bila kuuliza nimetoka wapi.

"Mayu, niliwahi kukuuliza kama kwenu hakuna jabali. Hukunijibu mpaka leo."

"Lipo," akasema. "Tena zuri kuliko hapa. Hapa vumbi la malori linaharibu michembe." Akageuza kipande kimoja, akakilaza upya. "Lakini ningeanika kule, ng'wanone, mwanangu, ungeniuliza?"