Marehemu wa Ghorofa ya Tatu

Watu wakija kwangu Tottenham kupunguziwa nguo, wakaiona picha ya Nusra binti Himid ukutani, huniuliza alikuwaje kabla hajawa mtu wa kutazamwa. Wanataka nianze na nyimbo, au na televisheni. Mimi huanza na mapipa ya taka, na asiyetaka kusikia habari za mapipa namrudishia suruali yake.

Mamake, Bi Kijakazi, alikuja naye London mwaka 1991 kutoka Wete, muda mfupi baada ya kumzika mumewe. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mwaka mzima walilala chumba kimoja na familia nyingine mbili, ndipo wakapewa flati ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wangu. Bi Kijakazi alikuwa akisafisha maofisi, kazi ya alfajiri, wenye ofisi hawajaamka. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi alikwenda naye. Nusra alimwaga mapipa yaliyo chini ya meza za watu, akimaliza anajilaza kwenye zulia, kisha anaamshwa avae sare ya shule. Sare yenyewe ilikuwa moja. Ikifuliwa jioni, asubuhi aliivaa mbichi.

Huko maofisini ndiko alikoanza kuimba. Ghorofa nzima haina mtu, sauti inakwenda na kurudi. Mamake alikuwa akimwambia, "Imba, mwanangu, nisije nikasinzia." Basi aliimba mpaka kukapambazuka. Hayo alinihadithia Bi Kijakazi mwenyewe, zamani zile alipokuwa bado akimtaja kwa jina.

Mwaka 1998, Nusra ana miaka kumi na sita, aliimba kwenye mashindano ya chuo chake, akaonwa na Vijay. Huyu Vijay alikuwa kijana wa Queensbury, wazee wake Wahindi wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia mahindi tu. Alikuwa anakusanya wasichana wanne awafanye kundi. Jina la kundi lilikuwa la Kiingereza, na hata kwa Kiingereza sikuwahi kuambiwa maana yake. Nusra wakamkata jina wakamwita Nuz. Bi Kijakazi aliambiwa mtoto amepata kazi ya duka la viatu baada ya masomo. Mimi niliambiwa kweli, kwa sababu zile suruali za jukwaani zilimpwaya na mimi ndiye niliyezibana. Nilizibana nikacheka. Nilisema, "Mamako akikuona hivi atakufa." Ulimi hauna mfupa wala adabu, lakini ndivyo nilivyosema, na sikuweza kuurudisha.

Nyimbo zao zilipigwa redioni kwa muda. Kidogo wakawa na jina, na waandishi wa magazeti ya vijana wakaanza kuuliza: huyu Nuz anatoka wapi, anakaa wapi, mzazi wake anasemaje? Mmoja akataka kwenda kupiga picha nyumbani. Nusra akaingiwa na hofu. Akaiona kamera imesimama mlangoni Tottenham, mamake ametoka na mtandio, anaonyeshwa picha ya bintiye mapaja nje. Akajibu la kwanza lililomjia. Akasema mama yangu alishafariki, nilikuwa mdogo, ninapoimba namwimbia yeye.

Vijay alifurahi mno. Aliniambia baadaye kuwa hakujua kama ni uongo, na mimi namsadiki, maana hakuwahi kuuliza. Gazeti likaichapa kurasa mbili, picha ya Nusra machozi yanamlengalenga. Bi Kijakazi hakuwa msomaji wa magazeti yale. Jambo lingeishia hapo.

Ila alikuwepo kijana mmoja mwanafunzi, Asad, mtu wa Wete, anakaa Tooting, ng'ambo ya pili ya mto, hatumjui wala yeye hatujui. Akaliona lile gazeti. Aliposoma Pemba, baba Himid, mama marehemu, akaunganisha. Likizo alipokwenda kwao alilibeba akampelekea Mahir, kaka yake Bi Kijakazi. Mahir alikuwa hana habari za dadake kwa miezi, na maandishi yamepigwa chapa, picha ya mtoto anayelia ndiyo hiyo. Angefanya nini maskini? Ijumaa ile msikitini pakasaliwa sala ya ghaibu kwa Bi Kijakazi. Wakachinja mbuzi wawili, wakasoma khitma siku tatu, majirani wakalia. Kisha Mahir akaketi akamwandikia Nusra barua ya kumpa pole.

Barua ikafika ghorofa ya tatu mchana, Nusra hayupo. Bi Kijakazi akatambua mwandiko wa kakake, akaifungua. Alivuka akaja kwangu nayo mkononi, akasimama karibu na cherehani.

"Shoga," alisema, "mie nimekufa."

Nilicheka. Nilidhani amechoka. Akanipa barua nikaisoma mpaka pale Mahir alipoandika kuwa nguo zake alizoziacha Wete wamezitoa sadaka, na kanga yake moja amebaki nayo mkewe kwa ukumbusho. Nilipoinua macho sikuweza kumtazama.

Jioni Nusra alirudi. Milango ilikuwa wazi yote miwili, niliyasikia yote.

"Mama, I only said it wasije hapa nyumbani! Sikutaka uone. Nilikuwa nakustahi, Mama, wallahi."

Sikusikia jawabu. Nilisikia maji yanachuruzika, Bi Kijakazi anatia udhu. Akasali magharibi, akapakua wali, akamwekea mwanawe sahani, akaingia chumbani. Hakumwambia neno, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata.

Mimi ndiye niliyepiga simu Wete, kwenye duka la jirani yao, nikamngoja Mahir aitwe. Nilipomwambia dadake yu hai alilia kwa furaha. "Basi ile khitma imetangulia," alisema, "itamfaa mbele." Na Bi Kijakazi aliongea naye vizuri, wakacheka hata. Nikasema yamekwisha. Nikamwambia, sasa shoga, umeshafufuka, semezana na mtoto.

"Kwa ndugu zangu nimefufuka," alinijibu. "Kwa aliyeniua, bado."

Nawaambia wateja wangu, nyinyi mnaofikiri mzuka ni kitu cheupe kinachopita ukutani, hamjakaa nyumba ile. Bi Kijakazi alikuwa akizungumza na mimi, na muuza samaki, na yule mzee Njoroge wa ghorofa ya chini aliyegombana naye kila siku kwa ajili ya mbwa wake. Nusra akiingia, sauti inakatika. Alimfungulia mlango, akampikia, akamfulia. Alipita mbele yake anatandika meza na macho yanampita mtoto yanakwenda dirishani. Nusra alikuwa akilia, akipiga magoti, akikasirika akivunja vikombe. Bi Kijakazi alifagia vigae. Baada ya miezi sita mtoto akahama.

Ila kila Ijumaa mchana alipiga simu. Mamake aliipokea na hasemi. Nusra alizungumza na pumzi za mamake tu, anamweleza wiki yake yote, amekula nini, nani kamkera, kisha anasema, "Mama, niridhie." Ananyamaza, anangoja, anakata. Mimi nilikuwa pale Ijumaa nyingi. Bi Kijakazi alikuwa akioga mapema siku hiyo, anavaa, anakaa kwenye kiti karibu na simu tangu anapomaliza kusali adhuhuri. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili. Wala hakuwahi kukata yeye wa kwanza. Nilimwambia mara moja kuwa ana roho mbaya. Alinitoa nje.

Kundi likavunjika mwaka 2001, kama yanavyovunjika makundi yote ya namna ile, kwa kununiana. Nusra alirudi kusafisha maofisi miezi kadhaa, safari hii peke yake. Aliniambia alikuwa haimbi huko, maana sauti ikirudi alihisi si yake. Halafu akapata vijikazi vya kuigiza, apite nyuma ya mtu, abebe sinia, mpaka mwaka 2003 akapewa nafasi hasa katika tamthilia moja ya hospitali. Alikuwa muuguzi ambaye mamake analetwa mahututi. Alilia kwenye kile kipindi mpaka watu London nzima wakamzungumzia kazini.

Bi Kijakazi alikuja kukitazama kwangu. Alisimama, hakukaa, amekumbatia mkoba wake. Kilipokwisha alisema, "Huyu binti analia vizuri. Maskini, mamake angekuwa hai akamwona." Kisha akaniaga akaenda zake. Nilizima televisheni nikawasha taa zote za nyumba.

Biashara ndilo jambo la mwisho ambalo mtu angelitarajia kwa Nusra. Alianza na mafuta ya nywele ya nazi na karafuu, kama alivyokuwa akipakwa utotoni, akiyapika jikoni kwake na kuyauza sokoni Tottenham wikiendi asipokuwa na kazi ya kuigiza. Alikuwa na uso unaojulikana, na mafuta yenyewe yalikuwa mazuri, mimi sisifu ovyo. Mwaka 2006 alikuwa na duka Tooting na jingine Queensbury, na wasichana wanane wa kazi. Chupa aliiandika jina la mamake. Kila toleo jipya alimletea moja. Bi Kijakazi aliifungua, akainusa, akaifunga, akaipanga dirishani pamoja na zilizotangulia. Hakuna hata moja iliyopungua tone.

Watu walimwona Nusra amefika. Anaendesha gari, anaalikwa. Alikuwa akinijia kwenye cherehani saa za mchana, anakaa sakafuni kama zamani, anasema, "Mamdogo, mie nikifa leo nakwenda na nini? Sina radhi. Everything else I've got." Kwetu hilo si neno la kupambia mazungumzo. Mtu asiye na radhi ya mama kila anachojenga anakitazama kwa wasiwasi, anangoja kianguke, na Nusra alikuwa hivyo. Alikonda. Alikuwa akiamka usiku anamwita mamake, wasichana wa kazi waliokuwa wakilala kwake waliniambia.

Mwaka 2008 figo za Bi Kijakazi zikachoka. Akalazwa. Nusra akasimamisha kila kitu, akawa anashinda pale hospitali wiki tatu, anamlisha kwa kijiko. Mamake alikula. Alimshukuru muuguzi, alimtania daktari, alimwuliza mwanamke wa kitanda cha pili habari za wajukuu zake. Kwa Nusra, ukimya. Wale wauguzi walidhani binti ni mfanyakazi wa kulipwa.

Daktari akasema bado kuna muda, labda mwezi. Nusra alikuwa na siku mbili za kupigwa picha Scotland alizokwishaziahirisha mara mbili. Mimi nilimsukuma aende. Nilimwambia, nenda, mie nipo.

Alhamisi baada ya alasiri Bi Kijakazi aliomba nimwinulie pazia. Akaniuliza kama nimemfungia dirisha la jikoni, maana njiwa wa Njoroge huingia. Nilimwambia nimefunga. Njoroge hakuwa na njiwa, alikuwa na mbwa, lakini sikumsahihisha. Niliona pua yake imenyooka, nikajua saa yake imefika. Nikamshika mkono nikamwambia, "Shoga, na Nusra je? Sema neno moja nimpelekee."

Alinitazama sana. Nilimwona amenisikia, sina shaka na hilo. Midomo ikacheza. Nikainama mpaka sikio langu likamgusa, na nilichokisikia ni shahada. Baada yake hapakuwa na kitu.

Nusra alifika siku ya pili asubuhi, hajalala, uso umevimba. Alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali na mfuko wa nguo za mamake. Hakuniuliza alikufaje. Aliniuliza jambo moja.

"Alisema chochote? About me?"

Nilikuwa na kweli nyingi za kumpa, sasa naziona. Wakati ule niliuona uso wake tu, namna alivyoshika ukingo wa kiti, na nikajua nikisema hapana huyu mtoto hatoki humu ndani mzima.

"Amekuridhia," nilisema.

"Alisemaje? Sema maneno yenyewe, Mamdogo."

"Alisema, mwambieni mwanangu Nusra nimemridhia, dunia na akhera."

Aliteleza akakaa chini, akalia kilio ambacho hakikufanana hata kidogo na kile cha televisheni. Kilikuwa kibaya, cha puani, cha mtoto. Nilimpigapiga mgongo. Yeye alimsemea uongo mamake yu hai, ana miaka kumi na sita na ana hofu. Mimi nina miaka hamsini na tano, nimemsemea maiti ambaye hata hajaoshwa.

Tangu saa ile Bi Kijakazi hakuniacha. Simwoni, nisiwadanganye. Lakini nikikaa kwenye cherehani mchana kweupe najua amesimama mlangoni, anangoja nigeuke, na sigeuki. Wiki ile nzima nilipinda nguo za watu vibaya.

Khitma tulisoma Jumapili, ukumbi wa jumuiya yetu Tottenham. Wanawake walijaa, wa Unguja na wa Pemba, na wengine walikuja kwa sababu ya televisheni, tuseme kweli. Wengi walikuwa wanaijua ile habari ya gazeti, na niliwasikia wananong'ona kwenye mikeka kuwa maskini mama kaenda na kinyongo chake. Nusra alisikia pia. Ilipokwisha dua akasimama, amejifunika nguo nyeusi, hana rangi usoni.

"Mama ameniridhia," alisema. "Aliacha neno. Mamdogo Hayat alikuwepo."

Vichwa vyote vikanigeukia. Bi mmoja mkubwa wa Chake, mtu wa dini, mtu ambaye neno lake linashikwa, akaniuliza kwa upole, "Kweli, Bi Hayat? Ulisikia mwenyewe?"

Msahafu ulikuwa bado mapajani mwangu. Nilimtazama Nusra, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake sikuona hofu machoni pake.

"Wallahi," nilisema. "Kwa masikio yangu haya."

Wanawake wakasema alhamdulillahi, wengine wakafuta machozi, sahani ya ubani ikaanza kupitishwa. Nusra akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti, akauchukua mkono wangu akaubusu mbele ya watu wote, kama unavyobusiwa mkono wa mama. Sikuuvuta.