Mlio wa Daraja la Chambeshi

Dada yangu Chibesa aliniibia wimbo. Hakuniibia nguo, wala shamba, wala mume. Wimbo. Niliutunga mimi, Nsofwa, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na yeye ameuimba miaka ishirini na tatu mbele za watu hapa Mpika, Zambia, akisema ni wake. Naliweka hili mwanzoni lisije likapotea kwenye mvuke wa vyungu, maana nikianza kusimulia mapishi huwa nasahau hasira, na hasira hii sitaki isahaulike.

Kwetu mwanamume hali vyakula vya ukweni mpaka aonyeshwe. Inapangwa siku, wanawake wa upande wa bibi harusi wanapika kila kitu atakachokula katika ndoa hiyo, wanabeba vyungu kichwani wakiimba, wanaingia kwa bwana harusi kwa magoti, na kila chungu kinafunuliwa kwa wimbo wake. Hiyo ndiyo amatebeto. Kisamvu kina wimbo. Uyoga una wimbo. Kuku ana wimbo mrefu kuliko kuku mwenyewe. Chikanda peke yake, kile kinachosongwa kwa viazi vya bondeni na karanga, hakikuwa na wimbo. Kiliingia kimya kama mgeni aliyechelewa, kinawekwa pembeni, basi. Mimi ndiye niliyekipa sauti.

Nieleze ilivyokuwa, na nikieleza moyo unaniruka hadi leo.

Viazi vya chikanda ni vidogo, vyembamba kama vidole vya mtoto, vinachimbwa kwenye mabonde yenye maji. Mabonde ya karibu na Mpika yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, kwa hiyo mama alinituma mpakani mwa Tanzania, Nakonde, kwa akina mama wanaovileta kutoka Makete. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni. Chibesa ndiye mkubwa na ndiye aliyepaswa kwenda, lakini Chibesa akiona hata behewa lililosimama anashika ukuta. Lori tu humtapisha. Alisema anaumwa tumbo. Nikaenda mimi, na nashukuru tumbo lake mpaka leo!

Behewa lilijaa magunia, kuku, na mabibi wenye maneno. Karibu na dirisha alikaa mtu mmoja mrefu mwenye banjo alilolitengeneza kwa galoni la mafuta na nyuzi za breki ya baiskeli. Alikuwa haongei, anapiga tu. Na mimi muziki wa banjo ndio ugonjwa wangu. Nikiusikia kwenye redio ya jirani naacha chungu kiungue. Nilikaa juu ya gunia tupu, goti langu linacheza lenyewe, na chini yetu reli inajibu: ku-tu-tu, ku-tu-tu, ku-tu-tu. Halafu tukafika mto Chambeshi. Treni ilipunguza mwendo, ikaingia darajani, na mlio wote ukabadilika. Chini hakukuwa na ardhi tena, palikuwa na maji na hewa. Ngoooo. Ngoooo. Mara mbili, halafu kama pumzi imekatika, halafu tena ku-tu-tu. Nilishika kifua. Mwenye banjo akanitazama, akacheka, akaufuata mlio ule kwa nyuzi zake.

Bibi mmoja akaniuliza, "We binti, unalia au unacheka?"

"Sijui, bibi."

"Basi cheka, maana ukilia watasema nimekufinya."

Nakonde nilipokewa na mama mmoja wa Makete aitwaye Sekela, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kiswahili changu chote nilianza kukiokota kwake. Alinipimia viazi huku akinishangaa.

"Hivi nyie watu wa huko mnavifanyia nini hivi? Sisi kwetu hata mbuzi hana habari navyo."

"Tunakula, mama."

"Mnakula! Vyenyewe vinafanana na kucha za bibi yangu!"

Nikamwambia aniazime sufuria. Nilivitwanga viazi vilivyokauka pale pale nyuma ya kibanda chake, nikachekecha unga, nikachemsha karanga zilizotwangwa mpaka zikatoa mafuta juu. Nikatia chumvi, pilipili kichaa, na magadi ya majivu niliyobeba kwenye chupa. Hapo ndipo kazi ilipo. Sisi magadi hatununui. Unachoma maganda makavu ya maharage, majivu unayatia kwenye kibuyu kilichotobolewa, unamimina maji, unangoja yadondoke yenye rangi ya chai. Yakizidi, chikanda kinawasha ulimi na kuwa kichungu. Yakipungua, kinabaki uji, utakinywa kwa kikombe na aibu yako. Kipimo hakipo. Unaonja kwa ncha ya ulimi, ukihisi umebanwa kidogo kama umeonja ndizi mbichi, hapo hapo acha. Nikamimina unga kidogo kidogo, mwiko hausimami, na ghafla kikashikana chote kwa pamoja, kizito, kinang'aa. Nikasawazisha juu, nikafunika, nikaweka makaa juu ya kifuniko ili kikauke ganda. Nilipokikata kilitoka vipande vya kahawia, laini, kama nyama ambayo hakuna aliyeichinja.

Sekela alitafuna. Akatafuna tena.

"Mfupa wake uko wapi?"

"Hakina mfupa."

"Sasa mnyama gani hana mfupa?"

Maneno hayo nilipanda nayo treni ya kurudi. Niliketi juu ya magunia mawili yaliyojaa, tukakaribia tena Chambeshi, na wimbo ukaja mzima, sikuutafuta:

Nyama gani hii haina mfupa,
aliyeichinja hana kisu,
mkwe wangu usitafute damu,
ku-tu-tu, ku-tu-tu, ngoo, ngoo.

Baada ya ngoo ya pili unakata pumzi. Hapo ndipo kifuniko kinapofunuliwa. Behewa lote liliupokea. Kufika Mpika tulishuka stesheni tunaimba, hata wasiojua chikanda, hata mzee aliyekuwa amelala njia nzima!

Nilimwimbia Chibesa siku hiyo hiyo tukiwa kwenye kinu. Alicheka hadi akaketi chini. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia polepole." Sikujua kwa nini polepole. Kwetu aliyekwenda shule ni yeye. Mimi nilibaki na mama jikoni kwa sababu mmoja alitosha kupelekwa. Herufi nilijifunza ukubwani, kanisani. Yeye aliandika wimbo wangu kwenye daftari, na daftari lilikuwa na jina lake juu.

Niliolewa nikapelekwa Mansa, nikakaa miaka sita. Niliporudi, Chibesa alikuwa kungwi mkubwa, anaitwa kila harusi. Siku moja nilikuwa naosha mabakuli, redio ya jirani iko wazi, nikasikia mtangazaji anamuuliza mtu, "Na huu wimbo mtamu wa chikanda nani kautunga?" Sauti ya dada yangu ikajibu, "Ni mimi mwenyewe. Ilinijia nikitwanga. Ile ku-tu-tu ni mchi kwenye kinu." Mtangazaji akauliza, na ngoo je? Akasema, "Ngoo ni mama mkwe anakoroma." Wakacheka. Bakuli lilinitoka mkononi.

Nilimwendea. Hakukana hata.

"Wewe uliuacha hapa, mimi nikauokota. Ungeutaka ungeufungia kwenye kitenge uende nao Mansa."

Tangu hapo nimehudhuria amatebeto sijui ngapi, napika chikanda, yeye anaimba. Watu husema, chikanda cha Nsofwa, wimbo wa Chibesa. Wanadhani wananisifu.

Sasa ikafika zamu ya binti yangu, Kombe. Kungwi wake hakuweza kuwa mwingine, Chibesa ni mama yake mkubwa. Siku moja kabla nilimfuata uani kwake akichambua mboga.

"Dada, kesho ni mwanangu. Chungu cha chikanda kikifika, sema kwanza wimbo ni wa mama yake. Kesho tu. Siku nyingine sitakuomba."

Hakuinua macho. "Mama Kombe, wimbo hauna mwenyewe. Ni wa ukoo."

"Redioni haukuwa wa ukoo."

"Una wivu wewe. Nenda kalowanishe viazi."

Nilikwenda nikalowanisha viazi, kweli. Lakini niliapa kwamba chikanda cha mwanangu kitakuwa hakijawahi kuonekana. Magadi nilichuja mara mbili. Karanga nilikaanga kidogo kwanza, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya, na harufu ilivuka ua mpaka majirani wakaanza kupiga chafya za makusudi na kuuliza kama tunahitaji msaada wa kuonja. Kilitoka ganda jekundu lenye nyufa ndogo, kama udongo wa Septemba. Nilijua kimekubali. Nilikizunguka nikicheza peke yangu, mwanamke mzima, mwiko mkononi!

Tuliingia kwa wakwe saa nne asubuhi. Ngoma mbili, wanawake kumi na tisa, vyungu kumi na viwili. Bwana harusi ameketi kwenye mkeka ameinamisha kichwa, pembeni yake wazee wake, na desturi ni kwamba upande wao haufungui mdomo chungu kikiimbiwa. Anayeongea hutozwa kuku. Kilipita kisamvu, vikapita viwavi vya kukaanga, uyoga, samaki wa ziwa Bangweulu, kuku akapita na wimbo wake usioisha. Kisha mimi, kwa magoti, chungu kichwani, makaa bado juu ya kifuniko. Chibesa akasimama mbele yangu, akafungua mikono, akaanza: Nyama gani hii haina mfupa. Wanawake wakaitikia. Alipofika kwenye ku-tu-tu akaigiza kutwanga, watu wakapiga vigelegele. Ngoo, ngoo. Pumzi.

Na katika pumzi ile, mzee mmoja akainua mkono.

Alikuwa mjomba wa bwana harusi, Kapembwa, fundi wa reli miaka thelathini, mtu wa masikio makubwa na maneno machache.

"Huo si mchi," akasema. "Hilo ni daraja la Chambeshi."

"Kuku! Kuku!" wanawake wetu wakapiga kelele. "Mzee ameongea, alete kuku!"

"Nitaleta wawili. Lakini hilo ni Chambeshi, ukitokea mpakani. Treni inapunguza, inaingia, inalia mara mbili, halafu inanyamaza, pale kwenye nguzo ya katikati. Nimelala kwenye daraja lile. Hakuna mchi unaonyamaza pale." Akamgeukia Chibesa kwa heshima zote. "Kungwi, ulisafiri mwaka gani?"

Sikupanga. Naapa sikupanga. Chungu kilikuwa kichwani kwangu na magoti yananiuma, na nilisikia joto la makaa likishuka mpaka kisigino.

Kabla Chibesa hajajibu, shangazi yake bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kicheko tayari, akadakia, "Huyu? Huyu apande treni? Si ndiye aliyetapika kwenye lori la mchanga ambalo halijawashwa?"

Ua wote ulivunjika mbavu. Hata bwana harusi, ambaye hakutakiwa kuinua uso, mabega yalikuwa yanamtikisika. Mpika nzima inajua tumbo la dada yangu.

Kapembwa hakucheka. "Basi nani alipanda?"

Kombe, binti yangu, alikuwa amejifunika shuka kwenye kona kama desturi inavyotaka, naye hakutakiwa kuonekana wala kusikika. Sauti ikatoka ndani ya shuka: "Aliyebeba chungu."

"Kuku mwingine!" wakapiga kelele, lakini sasa wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilimtazama dada yangu. Nilimpa nafasi. Yeyote aliyekuwepo atakwambia nilingoja. Akapangusa jasho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Haya, huyu mdogo wangu aliniletea mlio. Mlio tu. Maneno niliyaweka mimi."

Mlio tu! Kucha za bibi yake Sekela alizisikia wapi, huyo? Mfupa aliulizwa na nani?

Sikumjibu kwa maneno. Nilishusha chungu na makaa yake, nikasimama, jambo lisilofanywa, nikauanza wimbo mwenyewe tangu mwanzo, kwa mwendo wake wa kweli, mwendo wa treni inayotoka mbali, wala si wa kinu. Mpiga ngoma alinitafuta mara mbili, mara ya tatu akanipata. Mzee Kapembwa akawa anagonga fimbo yake chini kila pale kwenye wimbo reli zinapoungana. Tulipofika darajani ua wote ulilia ngoo, ngoo, na tulipokata pumzi nilifunua kifuniko, na harufu ile ya karanga ikapanda, na nilisikia wakwe wakivuta hewa kwa pamoja. Bwana harusi alikula vipande vitano. Desturi ni kimoja.

Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa mimi. Nimefurahi hata sasa nikiandika, na mguu unacheza chini ya meza. Lakini nusu ya ukweli mimi siipokei kama zima. Watu wa Kapembwa wanajua, ndiyo. Majirani wanajua. Aliyesema redioni hajasema ni wangu, na daftari bado lina jina lake juu.

Mwezi ujao kuna amatebeto nyingine kwa watu wa stesheni, na wametuita wote wawili. Chikanda nitapika. Chungu nitabeba mpaka mlangoni, na pale mlangoni nitapiga magoti na kungoja, hata makaa yakizima juu ya kifuniko. Chibesa, binti wa mama yangu, ninakudai jina langu, mimi Nsofwa, kwa wimbo wote, maneno na mlio, litoke kinywani mwako mwenyewe mbele ya wanawake wale wale. Hujanilipa.