Sauti ya Kaka Yangu Bado Inasalimia Ndani ya Kompyuta

Admin, nifichie jina, maana Isiolo hii tunajuana hadi viatu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, Mborana, na naendesha cyber ndogo hapa mjini iliyoanzishwa na kaka yangu. Tumwite Guyo. Guyo alifariki mwaka jana, lori lilipinduka akienda Merti kumwona mama yetu. Ninavyoandika, mama ameketi kwenye mkeka nyuma yangu, na sijui kama jambo ninalotaka kumfanyia ni huruma au ni dhambi.

Guyo alikuwa akifundisha vijana mambo ya mitandao. Kompyuta za kutosha hakuwa nazo, basi ndani ya moja akatengeneza nyingine tatu zisizo na mwili, na kila moja inajiona ni kompyuta kamili. Wenyewe tunaziita virtual machine. Mwanafunzi akitaka kujua kama zinaonana, anaiambia moja iite nyingine. Sasa Guyo alikuwa mtu wa mizaha, hakuridhika na maandishi ya skrini. Alirekodi sauti yake. Mashine ikimpata mwenzake inauliza, "Nagaa?" na mwenzake anajibu, "Nagaa." Ni kuulizana amani. Halafu inauliza watu wa nyumbani, mifugo, mvua, vile sisi husalimiana bila haraka. Nilikuwa namcheka kwamba kompyuta zake zinasalimiana kama wazee kwenye mnada wa ng'ombe.

Alipokufa niliifunika kompyuta hiyo kwa shuka. Majuzi wanafunzi wake wakaniomba niwafungulie wamalizie masomo. Nilikuta mipangilio ya mtandao imevurugika. Kila mashine ilipata intaneti vizuri, lakini hazikuonana zenyewe kwa zenyewe. Nilisoma, nikakosea, nikailaani ile kompyuta, nikaomba msamaha. Mwishowe kila moja nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao, ya kuongea na wenzake tu, nikazipa anwani za kudumu, na ile ya kwanza ya intaneti sikuigusa. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa habari ya sauti.

Baada ya swala ya alasiri niliiambia moja iite nyingine. Mama alikuwa amekuja kutoka Merti kuonwa na daktari wa macho, amejilaza kwenye mkeka. Spika ikasema, "Nagaa?" Ilikuwa sauti ya Guyo. Kabla mashine ya pili haijajibu, mama akaitikia kutoka chini, "Nagaa, Guyo." Hata hakushtuka. Kwetu salamu haiachwi hewani. Aliendelea kuitikia mpaka kwenye mvua, akamwambia haijanyesha.

Nilimweleza mama kwamba ile ni rekodi. Akaniangalia kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa. "Intala tiya," akasema, binti yangu, "juzi hizi vitu ilikuwa haisikiani, wewe umeunganisha, sasa inasikiana. Na inafika mpaka Ulaya. Kwa Guyo inashindwa na nini?"

Tangu hapo hataki kurudi Merti. Kila mchana anaketi akingoja kuitikia. Chakula anakigusa tu. Nikiizima ananiuliza kwa nini namfungia kaka yangu mlango. Kinachomuumiza zaidi ni kwamba Guyo anauliza watu wote, mbuzi, hata mvua, lakini hamwulizi yeye. "Amenikasirikia?" aliniuliza. "Kwa sababu mimi ndio nilimwita siku ile?" Hapo nikajua amebeba nini mwaka mzima. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Mjomba amekuja na pikapu kumchukua. "Dada, twende nyumbani, mbuzi imebaki na watu," alimwambia. Mama akamjibu, "Guyo akiniambia niende, nitaenda."

Mjomba anasema nifute kila kitu, maiti hasumbuliwi. Mimi nahofia nikifuta, mama atazikwa kabla ya mwaka kuisha. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye intaneti ipo programu inayochukua sauti ya mtu na kumsemesha maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Niliipa salamu za Guyo. Nikaandika: Mama, nagaa? Sikukukasirikia. Nenda nyumbani.

Imetoka sauti yake kabisa, hadi ile pumzi anayovuta kabla ya kuongea. Ninaogopa kuisikiliza tena, kwa sababu mara ya kwanza nilipoisikia, mimi ninayejua ni uongo nilioutengeneza kwa mikono yangu, nilijikuta nimeitikia.

Pikapu inaondoka kesho baada ya swala ya Ijumaa. Mama ndiyo kwanza amenigusa bega, anauliza mbona leo Guyo amenyamaza. Wenye mama zenu, na wenye wafu wenu, niambieni. Nimwekee mama sauti hiyo, au nimwache aendelee kungoja?