Kontrafo Mbili za Upande wa Ziwa

Nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Bukavu nikiwa na diploma ya ujenzi, na kabla sijamaliza wiki nyumbani padiri wa parokia aliniita. Alitaka niseme kama kanisa lao la zamani, lile lililo mlimani kwenye barabara ya Fizi, libomolewe au liachwe. Dari lilikuwa limepasuka, na mvua zilikuwa karibu.

Nililijua kanisa lile tangu utoto bila kulitazama hata siku moja. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa ndani ya dirisha akanyoosha miguu. Madirisha ni madogo, ya mviringo kwa juu. Dari si la mbao wala mabati. Ni la matofali, limepinda toka ukuta hadi ukuta mithili ya pipa lililopasuliwa nusu, kuanzia mlangoni mpaka altare. Ufa ulipita kwenye mgongo wa pipa hilo, na vumbi jekundu lilidondoka juu ya mabenchi hata pasipo upepo.

Padiri alinionyesha daftari la mmisionari aliyelijenga. Ndani mlikuwa na mchoro wa kanisa la abasia moja ya kwao Ulaya, alikosali ujanani. Huko, karne nyingi zilizopita, wamonaki walichoshwa na paa za mbao zilizoungua kila mara, wakaamua kulifunika kanisa kwa mawe. Lakini dari la mawe ni zito, tena halitulii: linasukuma kuta kwenda nje siku zote. Ndiyo maana walinenepesha kuta, wakabana madirisha, na kwa nje wakajenga nguzo pana za kuegemeza, zile ambazo sisi mafundi tunaziita kontrafo. Mmisionari aliyaiga yote hayo kwa matofali ya udongo wa bonde letu, na babu zetu ndio walioyapandisha mlimani kwa vichwa.

Nilibandika vipande vya kioo juu ya ufa kwa saruji, vitatu. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nilipanda mlima asubuhi, nikashuka, nikapanda tena mchana. Chakula kilinishinda. Siku ya nne kioo cha katikati kilikuwa vipande viwili.

Prezida wa komite ya parokia, mzee mwenye mitumbwi ya mota inayokwenda rasi ya Ubwari, alinikuta nikiwa juu ya ngazi.

"Binti, siye tunaomba neno moja tu," alisema. "Tubomoe ao tusibomoe? Batu banataka kanisa ya mabati, ya mupana, yenye mwangaza."

"Nipe siku tatu, papa."

"Mvua haitakupa siku tatu."

Nilishuka, nikazunguka nje kwa mara ya kumi au zaidi. Safari hii nilihesabu. Upande wa mlima kulikuwa na kontrafo tano. Upande wa ziwa, tatu. Niliingia kwenye majani, nikapapasa kwa jembe, na jembe likagonga msingi. Mbili zilikuwa zimeng'olewa hadi chini, sawasawa na pale ufa ulipokuwa mpana zaidi. Nilishusha timazi. Ukuta ulikuwa umeinama nje kwa upana wa kiganja.

Nani aling'oa? Nilishuka hadi nyumbani na swali hilo, nikamwuliza mama aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Aliendelea kutwanga, kisha akauacha mchi ndani ya kinu, akanipeleka chumba cha ndani na kubandua udongo wa ukutani kwa kisu. Chini yake lilionekana tofali pana, jekundu sana, ambalo hakuna anayechoma tena siku hizi.

"Ni siye tulibomoaka," alisema. "Tuliporudiaka toka Tanzania, kwenye tulikimbilia vita, nyumba zote zilikuwa majivu. We ulikuwa mutoto wa miezi mbili, mvua ilikuwa inakunyeshea mu mugongo yangu. Padiri hakukuwa, kanisa haikuwa na batu. Tukaona ile matafali ya inje, tukasema iko bure, haishike kitu."

"Mulikuwa wangapi?"

"Bamama wengi. Usiniulize majina."

Nilikaa chini. Kama nikinyamaza, kanisa litabomolewa kana kwamba mmisionari alikosea kulijenga. Kama nikisema, jina la mama litapita sokoni kabla ya jua kuzama. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena, mpaka mama akaniambia niache kumzungusha kichwa.

Jumapili, baada ya misa iliyosomwa nje kwa kuogopa dari, padiri aliniita mbele. Nilieleza juu ya uzito wa tao la dari na kontrafo mbili zilizokosekana, kwamba zikijengwa upya kanisa litasimama. Prezida akauliza ni mwizi gani aliyezichukua. Mama alisimama katikati ya watu.

"Ni mi," alisema. "Nilikuwa na mutoto na sikuwa na nyumba."

Mwanamke mwingine akasimama nyuma yake, kisha mwingine. Mpaka nikaacha kuhesabu.

Wengine walitaka kubomoa vyumba vyao siku hiyo hiyo warudishe matofali. Nilikataa. Tulikata mikaratusi tukauegemeza ukuta, tukachoma tanuru jipya. Mvua ya kwanza ilitukuta kontrafo moja ikiwa imefika kimo cha kifua na nyingine haijaanza. Kioo kingine kilivunjika. Tulifunika kazi kwa mashitu, yale maturubai ya plastiki, na kuendelea. Prezida mwenyewe alileta yale ya mitumbwi yake, ingawa bado alisema kanisa la mabati lingekuwa limekwisha kujengwa.

Misa ya kwanza ndani, kontrafo zote mbili zikiwa zimesimama, watu wote walijibana upande wa mlima. Mama alikwenda peke yake akakaa upande wa ziwa, usawa wa pale ufa ulipokuwa mpana zaidi, akafungua kitabu chake cha nyimbo. Taratibu wengine walimfuata. Mimi sikusikia neno la mahubiri. Nilitoka kabla ya sadaka, nikazunguka nje, nikabonyeza saruji ya kontrafo mpya kwa kidole gumba. Ilikuwa bado na unyevu.