Jiko Nililolificha Nyuma ya Hema

Nianze na ujinga wangu kabla sijapata nafasi ya kujitetea. Nilibeba jiko la makaa, nikaliingiza ndani ya hema dogo ambamo mke wangu alikuwa amejilaza, nikafunga zipu hadi chini, kisha nikaenda zangu kuonja bia.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linaloniamsha usiku, na nitalifikia. Nivumilie wewe unayesoma, maana sijawahi kulisimulia kwa hiari yangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaonijua hapa Kangemi wanasema nilizaliwa nikiwa nimevaa malapa. Jumamosi nikishatoka kazini Parklands, ninakouza misumari na rangi, mlango wangu ukifungwa umefungwa hadi Jumatatu. Nina kiti changu na redio yangu, na ikifika Julai, nina jiko langu katikati ya chumba.

Baridi ya Julai mnaijua. Jua linapotea wiki nzima na nguo hazikauki. Nyumba yetu ni ya mabati na mbao, na upepo unaingia unapotaka: chini ya mlango, kwenye kona, pale ukuta unapokutana na paa. Kila mwaka nilimwomba jirani yangu Baba Nekesa, ambaye ni fundi wa mawe, aje anizibie hizo nyufa. Kila mwaka alinijibu vilevile: "Toa jiko nje kwanza, ndio nizibe." Nikasema huyo ni fundi mvivu tu.

Sasa, mke wangu, Mama Wangui, alikuwa akifanya kazi za nyumba kwa mama mmoja wa Loresho. Huyo mama alikuwa amelipia tamasha la bia kule mtaa wa Karen, tiketi mbili pamoja na hema la kupumzikia, halafu akapata safari ya ghafla. Akampa mke wangu tiketi.

Mama Wangui hanywi pombe. Yuko kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Lakini miaka tisa ya ndoa hakuwa ametoka na mimi kwenda mahali popote ambapo hapana maiti wala bibi harusi.

"Baba Wangui, vaa viatu vya ngozi," akaniambia siku hiyo. "Leo hatuendi choo ya nje."

"Na nikishikwa na baridi?"

"Utashikwa kama wenzako."

Binti yetu Wangui tukamwacha kwa Mama Nekesa, hapo jirani.

Bia zenyewe hazikuwa za chupa tunazozijua. Ni watu wanajipikia kwa mapipa madogo, kila mtu na ufundi wake, nyingine ya kahawa, nyingine ya tangawizi, nyingine ya asali. Nyanya yangu alipika muratina, pombe ya kienyeji ya asali, na askari wakamkimbiza mpaka ndani ya mahindi. Pale Karen, kijana mmoja mwenye ndevu alikuwa anapigiwa makofi kwa kazi ileile.

Tulifika saa saba mchana, na manyunyu yakafika pamoja nasi. Uwanja ulikuwa wa nyasi, na nyasi zilikuwa zimelowa. Waandaaji walikuwa wameweka majiko huku na huku ili watu waote moto wakiwa wamesimama. Mama Wangui alizunguka, akacheka, akaonja soda ya tangawizi. Kufikia saa tisa viatu vyake vilikuwa vimejaa maji na meno yanagongana.

"Wacha nijinyooshe kidogo," akasema, akaingia kwenye hema letu. "Wewe tembea, lakini usipotee. Najua hujazoea watu."

Nikamwonea huruma. Nikajiambia leo nitakuwa mume wa maana. Nikaenda kwa kijana wa kuchoma nyama, nikaona jiko dogo ambalo makaa yake yalikuwa yamewaka yakawa mekundu kabisa, bila moshi hata kidogo. Mimi niliamini, na najua ninyi wengi mnaamini hivyo, kwamba makaa yakishakuwa mekundu hayana neno tena.

"Mzee, hiyo jiko unapeleka wapi?" kijana akaniuliza.

"Hapo tu kando. Bibi yangu amenyeshewa."

"Usiingize ndani ya hema."

"Kwani mimi ni mtoto?"

Nikaliingiza ndani ya hema.

Mama Wangui aliinua kichwa akacheka. "Umeleta jiko mpaka Karen?"

"Nimekuletea nyumbani."

"Haya. Lakini acha pale chini wazi kidogo."

Nikamwambia sawa. Nilipotoka nikaona ule upenyo, nikaona joto langu litapotea bure. Nikafunga zipu yote, nikavua koti langu, nikalisokomeza pale chini kuziba. Nilitetemeka kwa ajili yake na nikajisifu.

Halafu nikakutana na yule mwenye ndevu. Nilipomtajia muratina ya nyanya alitaka kujua kila kitu, na mimi, mtu ambaye haongei na watu, nikaongea. Nikaonja glasi ndogo tatu. Nadhani dakika arobaini zilipita. Labda zaidi. Sijui, na hilo nalo ni sehemu ya dhambi yangu.

Niliporudi nikamwita nikiwa bado nje. Hakujibu. Nikafungua zipu, joto likanipiga usoni. Alikuwa amelala kichwa kikiwa upande, kitambaa kimemtoka, ametapika kidogo kwenye blanketi. Nikamtikisa. Kichwa kikafuata mkono wangu kama cha mwanasesere.

Sasa hapa ndipo penye kosa la pili.

Kabla sijaita mtu, nilitoa lile jiko. Nikaungua vidole. Nikaenda nikalificha nyuma ya hema, kwenye kreti tupu za bia. Mke wangu amelala pale, na mimi namwogopa kijana wa nyama! Niliogopa kugombezwa mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu. Ndipo nikapiga kelele.

Dada wa huduma ya kwanza alikuja haraka akapiga magoti. "Amekunywa nini?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua. Alikuwa amekunywa soda.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja akasema, "Mathe amezidiwa na ile ya asali." Wakacheka. Yule dada alinusa pumzi, na pumzi iliyonuka bia pale ilikuwa yangu. Akamgeuza ubavu, akaniambia nikae naye hadi pombe imtoke kidogo kidogo, atarudi kumwangalia. Kulikuwa na mwingine aliyeteleza kwenye matope akavunjika mkono.

Nikabaki nimeshika mkono wa mke wangu. Mtu asiyejua ladha ya bia alikuwa anaitwa mlevi, na mimi niliyekuwa na ukweli wote nikanyamaza.

Nikawa nasikiliza anavyopumua. Anavuta, nangoja, anavuta. Kisha nikangoja, nikangoja tena, haikuja. Akilini nikamwona Wangui amesimama mlangoni kwa Mama Nekesa akiniuliza mama yuko wapi. Pumzi ikaja, ndogo, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Nilikimbia. Sijakimbia vile tangu shule. Nikamshika yule dada bega. "Hajalewa. Hanywi kabisa. Ni jiko. Mimi ndiye niliyeliweka ndani nikafunga."

"Jiko liko wapi?"

Nikaonyesha kwenye kreti.

Hakunigombeza. Aliniangalia mara moja tu, akaanza kukimbia huku akiita ambulensi. Heri angenigombeza. Uso ule ulinitisha kuliko maneno yoyote.

Walimfunika mdomo na pua kwa kifaa cha hewa safi. Nilikaa miguuni pake kutoka Karen mpaka hospitali moja ya Parklands, na njia nzima nilikuwa naangalia kile kifaa kikipata ukungu na kukauka, kikipata ukungu na kukauka. Nilijua ukungu ukikosa kuonekana mimi ni mjane wa kujitengenezea.

Daktari alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Makaa mekundu hayatoi moshi, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaona usingizi tu. Akasema, "Ungengoja kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Jioni ile alifungua macho. Akaniuliza kama nimekula.

Lakini Mama Wangui niliyeenda naye Karen hajarudi mzima. Kichwa kilimuuma wiki nyingi. Alianza kusahau: anatia chumvi mara mbili, anasimama katikati ya chumba akijiuliza alifuata nini. Kule Loresho alidumu mwezi mmoja, kisha akaacha kazi mwenyewe, kwa aibu ya kuunguza nguo za watu kwa pasi.

Na alijua kila kitu. Yule dada alikuwa ameandika yote kwenye karatasi iliyopelekwa hospitali, na mke wangu anasoma vizuri kuliko mimi. Hakupiga kelele. Aliikunja karatasi akaniuliza, "Ulinyamaza muda gani?"

Mpaka leo sijamjibu. Siku hizi analala upande wa mlango, na mlango hauzibwi chini.

Ninyi mnaobeba jiko kuliingiza ndani Julai, acheni. Ule wekundu si usalama. Na kama umeshakosea, sema. Sema papo hapo, hata kama wapo watu mia wanaokutazama, hata kama utaonekana mjinga. Mimi niliokoa uso wangu kwa dakika kumi, na mke wangu bado anazilipa.

Jumapili aliyotoka hospitali, Baba Nekesa alikuja kutuona. Nikamsimulia yote, maana mke wangu alikuwa ananitazama na sikuweza kuruka kitu. Mwisho nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua: mbona miaka yote hiyo tuliota jiko humu ndani na hatukudhurika?

Alisimama, akapitisha mkono pale ukuta unapokutana na paa, upepo ukamgusa vidole. Akaniambia, mbele ya mke wangu:

"Baba Wangui, wewe umejaribu kuua hawa watu miaka tisa. Ni nyumba tu ilikuwa inakataa."