Shafti ya Lori

Wiki jana fundi alinikabidhi bushi ya pampu, ingali ya moto kutoka kwenye mashine ya kukereza chuma. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikanirudisha mtaa wa Katwe, enzi za utawala wa kijeshi, kwenye karakana ya baba, siku mwanajeshi alipoleta shafti ya lori iliyokatika. Spea hazikupatikana tena mjini.

"Mzee, hii ikikatika tena, nitakukata wewe," alisema.

"Haitakatika, afande."

Baba alikereza nyingine kutwa nzima. Chuma kilichomenyeka kilijikunja miguuni pake kikitoa moshi, naye kila mara alisimamisha mashine akapima. Nilimwonea fahari. Lori lilivutwa hadi karakanani, likafungwa shafti mpya, likaondoka likinguruma vizuri, naye baba akatabasamu.

Siku ya tatu lilikuja mtaani kwetu. Wanajeshi walimburuta mwalimu, jirani yetu, wakamtupa nyuma. Mkewe alilikimbiza hadi barabara kuu, akiomba liharibike. Halikuharibika.

Aliporudi alisimama mlangoni petu, miguu imejaa vumbi.

"Fundi," alimwambia baba, "umelitengeneza vizuri."

Jioni mama alinituma nimpelekee mke wa mwalimu sahani ya matoke. Alinirudishia sahani ikiwa bado imejaa, bila kunitazama.

Mwalimu hakurudi.